Masikio Yameharibika Kazini Mombasa: Namna ya Kudai Fidia, Hatua kwa Hatua

Kikao cha posa ya mwanawe kilikuwa saa sita mchana. Ami yangu alifika saa tisa, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, akawakuta watu wameshaondoka na sinia za biriani zimeshaoshwa. Aliapa kwamba kwenye simu aliambiwa saa tisa. Hakuwa akidanganya. Sita na tisa, kwa sikio lake, lilikuwa neno moja.

Alikuwa amefanya kazi miaka 19 katika karakana ya kukarabati meli, akibandua kutu kwa nyundo ya upepo na kusugua mabati kwa greinda, mara nyingi ndani ya tangi ambamo sauti haina pa kutokea. Kufikia siku tulipompeleka kupimwa alikuwa ameacha kazi zamani, na hakuwa na karatasi hata moja: si barua ya ajira, si kipimo cha masikio cha siku aliyoanza, si hata jina la msimamizi aliyeandika zamu zake. Daktari alisema wazi kuwa hiyo ni kelele. Hata hivyo hakulipwa hata shilingi, na ilibidi tukubali.

Tangu hapo nimekaa na wafanyakazi wengi wa Shimanzi, Changamwe, Kipevu na Miritini, tukiandika barua na kujaza fomu. Ninachokiamini baada ya hayo yote ni kwamba mkono ukikatwa kila mtu anaona damu na saa ya ajali inajulikana, lakini sikio halitoki damu. Linakufa polepole bila shahidi. Shahidi huyo lazima umtengeneze mwenyewe kwa karatasi na tarehe, tena ukiwa bado kazini. Mwongozo huu ni wa kumtengeneza.

Kwanza elewa ugonjwa wenyewe, kwa sababu utaulizwa

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Kimejaa umajimaji na vinyweleo vidogo sana ambavyo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari inayokwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza nyasi. Ukipumzika kwenye utulivu, vinainuka. Ndiyo maana mtu akitoka zamu ya usiku masikio yanakuwa mazito na yanavuma, na asubuhi yamezibuka, akadhani amepona. Ukivilaza kila siku kwa miaka, vingine haviinuki tena. Vikifa havioti upya, wala hakuna dawa au upasuaji wa kuvirudisha.

Vinavyotangulia kufa ni vile vinavyopokea sauti nyembamba, hasa karibu na masafa ya hezi 4000. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ziko chini kwenye sauti nene, lakini s, sh, f, ch na t ziko juu. Kwa hiyo mgonjwa anasikia kwamba mtu anaongea, ila hapati maneno. "Shika" inakuwa "fika". Anasikia adhana lakini hasikii mjukuu anayemnong'oneza. Anaongeza sauti ya televisheni mpaka majirani wanalalamika. Nyumbani wanasema amekuwa mkaidi, eti anasikia anachotaka. Wengi huanza na mlio masikioni, kama filimbi au mlio wa nyenje, unaozidi usiku nyumba ikinyamaza. Ukiwa na dalili hizi na kazi yako ina kelele, usingoje uwe kiziwi kabisa. Fidia haingoji uziwi kamili.

Kelele kiasi gani? Kipimo ni desibeli, na hesabu yake haiendi kama ya kilo: kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, zilizotolewa mwaka 2005, zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 ndani ya saa 24, na mshindo wa ghafla usipite desibeli 140. Kelele ikizidi 85, mwajiri analazimika kuwa na mpango maalum wa kupunguza kelele na kulinda masikio ya watu wake. Huna mashine ya kupimia? Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Ikibidi upige kelele ndipo akusikie, chukulia kwamba mmeshafika hapo.

Sheria unazosimamia

Kanuni hizo za kelele umeshazijua. Juu yake ziko sheria mbili, na watu huzichanganya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwambia mwajiri afanye nini ili usiumie: apime hatari, akupe vifaa vya kinga bila kukukata mshahara, akufundishe kuvitumia, na mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, inasema ulipwe nini ukishaumia. Zote mbili zinasimamiwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, ile ambayo mafundi huiita DOSH, na ofisi yake ipo hapa Mombasa.

WIBA ina mambo mawili unayopaswa kuyashika. La kwanza: haiulizi nani alizembea. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mbaya, bali kwamba umeumia au umeugua kwa sababu ya kazi uliyokuwa ukiifanya. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo, na kupoteza usikivu kwa kelele ni mojawapo. Kila mwajiri analazimika kuwa na bima ya kugharamia jambo hili, na hata kama hana, deni ni lake.

La pili linauma kidogo. Huwezi kuamka ukaenda moja kwa moja kwa wakili kumshtaki mwajiri akulipe fidia ya jeraha la kazini. Kifungu cha 16 cha WIBA kinafunga mlango huo, na Mahakama ya Juu ilikithibitisha tarehe 3 Desemba 2019 katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili. Dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa DOSH, na mahakama huja baadaye kwa njia ya rufaa. Nimeona watu wamelipa ada ya wakili, kesi ikatupwa kwa sababu ilianzia mlango usio wake, na huku miezi inakwenda.

Hatua ya 1: Daftari

Nunua daftari la kawaida leo. Andika kila kazi yenye kelele uliyowahi kufanya: mwaka, mahali, mashine gani, saa ngapi kwa siku, nani alikuwa msimamizi, nani mlikuwa naye zamu moja. Kisha andika ya sasa siku kwa siku. Si lazima iwe insha. Mstari mmoja watosha: "Jumanne, greinda saa 5, tangi namba 2, vizibo vya masikio vimekwisha stoo, nimemwambia foremani." Ule mstari wa vizibo kwisha stoo ni dhahabu. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ile ile haibezwi kwa urahisi kama maneno ya mtu anayekumbuka miaka kumi nyuma.

Pamoja na daftari weka barua ya ajira, kitambulisho cha kazi, stakabadhi za mshahara, michango ya NSSF, picha za kadi za zamu, ujumbe wa simu wa kukuita kazini. Kama wewe ni kibarua unayelipwa kwa M-Pesa kila Jumamosi, taarifa yako ya M-Pesa ndiyo stakabadhi yako ya mshahara. Ichapishe.

Hatua ya 2: Kipimo cha masikio

Hii ndiyo nguzo ya dai lote, na ndipo watu wengi hukosea.

Kipimo kinaitwa odiometria. Unakaa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, unavalishwa vipokea sauti, na unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Mtaalamu anachora grafu, odiogramu, ya sikio la kulia na la kushoto. Anza kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa ya umma kama Coast General, au hospitali binafsi yenye kibanda cha kupimia. Kliniki ya mtaani inayokuwekea saa ya mkononi sikioni ikuulize kama unaisikia haitakusaidia kwa dai hili.

Usiende ukitoka zamu. Masikio yaliyochoka huonyesha ubaya kuliko ulivyo, na wakili wa bima akijua ulipimwa saa moja baada ya kuzima greinda ataiangusha ripoti nzima. Pumzisha masikio angalau saa 14 hadi 16: usipande matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, usiende arusini penye tarumbeta. Omba siku ya mapumziko, lala, kisha nenda asubuhi. Daktari aangalie nta kwanza, maana nta ikiziba grafu inaharibika.

Ukipewa odiogramu itazame mwenyewe kabla hujatoka mlangoni. Sikio lililoharibiwa na kelele mara nyingi huwa na bonde: mstari unashuka karibu na hezi 4000, kisha unapanda kidogo kwenye 8000. Aghalabu masikio yote mawili hufanana. Uzee haufanyi hivyo. Mstari wa mzee huteremka tu kama mteremko wa Nyali bila kupanda tena. Bonde hilo ndilo jibu lako atakapokuja mtu kukuambia "mzee, huu ni umri tu." Lakini miaka ikipita bonde hujaa, uzee na kelele vinachanganyika, na jibu lako linafifia. Ami yangu alipimwa akiwa na miaka 63, bonde lilikuwa limeshageuka mteremko.

Mweleze daktari ukweli wote, hata usiokupendeza. Sindano za kifua kikuu za streptomisini huharibu masikio. Gentamisini hali kadhalika. Kwinini nyingi huleta mlio masikioni. Ulipigwa kichwani? Ulikuwa na usaha wa sikio utotoni? Yaandikwe, kisha muombe daktari aandike maoni yake: kati ya haya, kazi ina nafasi gani? Ripoti inayosema tu "ana upungufu wa kusikia" haina mkono wala mguu. Unayoitaka inataja kazi yako, miaka yako kwenye kelele, umbo la grafu, na kwamba hali hiyo inalingana na madhara ya kelele ya kazini. Daktari anayegundua ugonjwa wa kazini ulio kwenye orodha ya sheria naye ana wajibu wa kumjulisha Mkurugenzi. Mkumbushe kwa adabu.

Ukiwa na bahati, kampuni ilikupima siku ya kwanza. Kanuni za uchunguzi wa afya za mwaka 2005 zinataka wafanyakazi walio kwenye hatari kama hizi wapimwe kabla ya kuanza, mara kwa mara wakiwa kazini, na wanapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Omba nakala kwa maandishi. Kama hakuna, swali linamgeukia mwajiri: kwa nini hakuna?

Hatua ya 3: Barua kwa mwajiri

Sheria inakuruhusu kumjulisha mwajiri kwa mdomo. Mimi nakukataza. Maneno ya mdomo hupotea pale pale kwenye korido. Andika hivi, kwa lugha yako:

"Kwa Meneja. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimefanya kazi hapa tangu Juni 2014 kwenye karakana ya mabati, nikitumia greinda na nyundo ya upepo kila siku. Tarehe 12 Machi nilipimwa masikio hospitalini, na daktari amesema nimepoteza usikivu kwa sababu ya kelele ya kazi. Nakujulisha kama sheria ya WIBA inavyotaka, na naomba ujaze fomu ya kuripoti kwa Mkurugenzi wa DOSH. Nakala ya ripoti ya daktari imeambatanishwa."

Basi. Usitukane, usitishie, usieleze shida zako za karo. Chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe. Wakikataa kupiga muhuri, tuma kwa barua pepe au kwa posta ya rejista na uweke risiti. Peleka nakala nyingine DOSH mwenyewe.

Tarehe ya barua hii ina uzito. Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi. Nawe una miezi 12 ya kuwasilisha dai. Kwa jeraha la ghafla miezi hiyo huhesabiwa tangu ajali, lakini ugonjwa kama huu hauna siku ya ajali, na tarehe inayoangaliwa ni ile daktari alipoutambua kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia "umeumia tangu 2016, umechelewa," muonyeshe tarehe ya ripoti. Ila usijipe raha kwa sababu hiyo. Siku unayopewa ripoti ndiyo siku ya kuanza kuhesabu.

Hatua ya 4: Fomu ya DOSH/WIBA 1

Fomu hii ndiyo inayofungua faili. Mwajiri anajaza sehemu yake, daktari anajaza yake, na zinafika kwa afisa wa DOSH. Sehemu ya mwajiri ina mapato yako, na hapo ufungue macho. Nimeona kampuni ikiandika mshahara wa msingi peke yake, wakati mtu alikuwa na posho ya nyumba kila mwezi na ovataimu isiyokosekana. Mapato yako ya kawaida ndiyo msingi wa hesabu yote. Ambatisha stakabadhi zako, na kama takwimu haiko sawa, mwandikie afisa barua fupi kabla hesabu haijafanywa.

Mwajiri akikaa juu ya fomu, na wapo wanaokaa nayo miezi, usikae naye. Nenda DOSH na barua yako yenye muhuri na ripoti ya daktari, ueleze kwamba umemjulisha na hajaripoti. Afisa ana uwezo wa kuchunguza, kuita kumbukumbu na kuingia mahali pa kazi. Kutoripoti ni kosa la mwajiri, si sababu ya wewe kukosa haki.

Hatua ya 5: Asilimia

Daktari anaandika umepoteza uwezo kwa asilimia ngapi, akifuata jedwali la sheria. Hilo ndilo neno lenye pesa ndani yake. Kampuni inaweza kutaka ukaonwe na daktari wake. Nenda, usikatae, kwani kukataa uchunguzi bila sababu kutakudhuru. Lakini jibu maswali yake kwa ukweli ule ule uliomwambia daktari wa kwanza, na uombe nakala ya alichoandika. Madaktari wawili wakitofautiana sana, Mkurugenzi anaweza kutafuta maoni mengine.

Hesabu ya ulemavu wa kudumu ni hivi: mapato ya mwezi mara 96, kisha mara asilimia. Chukua mtu anayepata shilingi 32,000 kwa mwezi, daktari akampa asilimia 20. Mara 96 ni shilingi 3,072,000, na asilimia 20 yake ni shilingi 614,400. Sasa rudi kwenye ile posho ya nyumba iliyosahaulika. Kama mapato halisi yalikuwa 38,000, ingekuwa shilingi 729,600. Tofauti ya zaidi ya laki moja imelala kwenye mstari mmoja wa fomu ambao wengi hawausomi.

Gharama za matibabu ni jambo jingine, zinadaiwa kando, na humo mna vifaa vya mtu mwenye ulemavu na matengenezo yake. Kifaa cha kusaidia kusikia ni ghali, na betri zake haziishi kununuliwa. Muombe daktari aandike kwamba unakihitaji, kisha ukidai kwa mwajiri. Weka kila risiti, hata ya nauli ya kwenda hospitali.

Hatua ya 6: Kungoja, na namna ya kungoja

Mkurugenzi akishakubali dai, anamtumia mwajiri au kampuni ya bima hesabu kwenye fomu ya DOSH/WIBA 4. Wana siku 90 za kulipa. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, ana siku 30 za kukukabidhi.

Katika siku hizo 90 mara nyingi simu inalia. Mtu wa kampuni ana lugha tamu, anakwambia kuna kitu kidogo cha haraka, laki moja na nusu leo leo, usaini tu hapa. Karatasi inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho. Usisaini. Hata kama karo inadaiwa na mwenye nyumba amefunga mlango. Mwambie alete kwa maandishi, uipeleke DOSH au kwa chama chako cha wafanyakazi, uulize. Ukikopa kwa jirani utalipa. Ukisaini ile karatasi utakuwa umejitafutia vita ya miaka.

Hatua ya 7: Usipokubaliana, au wasipolipa

Asilimia ndogo? Dai limekataliwa? Una siku 60 tangu uamuzi kuandika pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo hukaa pia hapa Mombasa. Ni hapa ambapo wakili anafaa. Kama huna uwezo, uliza Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria au shirika la Kituo cha Sheria. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama kina wajibu na wewe. Ndiyo sababu walikuwa wakikukata kila mwezi.

Na kama uamuzi ni mzuri lakini siku 90 zimepita kimya, rudi DOSH upate barua inayosema hawajalipa. Kwa barua hiyo na fomu ya WIBA 4, watu wamekwenda mahakama hiyo hiyo kuomba hesabu ya Mkurugenzi itambuliwe na itekelezwe kama hukumu.

Maneno utakayoambiwa, na majibu yake

"Wewe ni kibarua tu." Sheria haikugawa watu hivyo. Aliyeajiriwa kwa malipo amo, na mwanagenzi anayejifunza kazi naye amo. Tatizo la kibarua ni ushahidi, ndiyo maana nikasema M-Pesa.

"Wewe ni wa kontrakta, si wetu." Mombasa neno hili ni wimbo: kampuni ina eneo, kontrakta ana kandarasi, na kontrakta mdogo aliye chini yake ndiye anayeleta watu kutoka Likoni na Jomvu asubuhi. Barua yako iandikie wote, kila mmoja na nakala yake. Anayekulipa ni mwajiri wako kwa dai la WIBA, lakini wajibu wa usalama wa mahali pa kazi unamfuata pia anayepashika mahali hapo. Afisa akiwa na majina yote mezani, hawarushiani mpira bila kuonekana.

"Tulikupa vizibo, hukuvaa." Kwa sehemu wanaweza kuwa na haki, na sitakuficha: ukipewa kinga, sheria inakutaka uivae. Lakini utovu wa makusudi si sawa na kuvua kizibo ili umsikie mwenye kreni asikuangushie mzigo kichwani. Waulize kwa maandishi: vilikuwa vya aina gani, vilitolewa lini, nani alisaini kuvipokea, nani alifundisha kuvivaa, kelele ilipimwa lini na ilikuwa ngapi? Jozi moja ya sponji kwa miezi sita kwenye vumbi la sandiblasti si kinga. Na kampuni inayogawa vizibo bila kujaribu kwanza kupunguza kelele ya mashine yenyewe imeanzia mwisho.

"Ukidai, kazi huna." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, inasema kumlalamikia mwajiri au kumchukulia hatua za kisheria si sababu halali ya kukufuta, almradi lalamiko si la uzushi. Wakikufuta, hilo ni dai la pili kando ya hili, na afisa wa leba anapaswa kulipata ndani ya miezi 3. Najua sheria hailipi kodi ya nyumba mwezi ule. Kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Kama mko kumi kwenye karakana moja na masikio yanavuma kwa wote kumi, pimweni wote na barua ziende wiki moja. Mahali penye watu 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Iulizeni kamati hiyo ripoti ya ukaguzi ya mwaka na ukurasa wa vipimo vya kelele.

Kwa wewe uliyeacha kazi: bado una nafasi ikiwa daktari hajawahi kukutambua ugonjwa huu. Nenda upimwe wiki hii. Tafuta wenzako wa zamu wawili walio tayari kuandika kiapo kwamba mlifanya kazi pamoja na kwenye mashine gani. Chukua historia ya NSSF, inaonyesha waajiri wako kwa mpangilio wa miaka.

Siku ya kwenda ofisini

Beba kitambulisho, nakala mbili za kila karatasi, daftari, na mtu anayesikia vizuri. Hili la mwisho watu hulidharau, na limewagharimu wengi. Ofisi zina feni, zina foleni, afisa anaongea akitazama faili, na wewe unaitikia "ndiyo" kwa aibu ya kuuliza mara ya tatu. Mwambie tangu mwanzo: "Nina tatizo la kusikia, tafadhali nitazame unapoongea." Kama upotevu ni mkubwa, uliza pia kuhusu kujisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto wako au jirani akae kando yako aandike kila lililosemwa, jina la afisa na namba ya faili.

Na akitaja saa ya miadi inayofuata, mpe kalamu aiandike mwenyewe.